Ba Kanyaruchinya

Mwalimu wa Kifaransa ana vidole vyeupe kwa chaki, na kila asubuhi huvipangusa kwenye suruali ileile. Kabla ya somo huita wanafunzi mmoja mmoja: Nshobole, Bagalwa, Kambere. Akifika madawati ya nyuma, wanakobanana watoto wa kambi ya Kanyaruchinya waliokimbia vita, huinua kidevu tu bila kuwatazama, maana macho yao humtia haya. “Ba Kanyaruchinya, muko?” Nao huitika pamoja.

Juma hili anawasomea riwaya ya kijana aliyejiunga na genge la wezi, na kila genge linapotajwa, sauti yake hukemea kama ya padri. Jana alifunga kitabu ghafla. “Huyu mutoto alikuwa na mama, alikuwa na chakula. Alifwata nini mu ile genge?” Msichana mmoja wa nyuma akasimama, akitazama chini. “Mwalimu, kule balimuita kwa jina yake.”

Hakuna aliyewahi kumjibu vizuri hivyo. Mwalimu akanyoosha mkono ampongeze kwa jina, kama afanyavyo kwa wengine, na mdomo ukabaki wazi. Akapangusa vidole, akapangusa tena. Msichana akangoja, kisha akamsaidia kwa upole:

“Wa Kanyaruchinya, Mwalimu.”