Nusu ya Mwenyewe

Binti wa marehemu kaka yangu, ambaye kwa desturi yetu ni binti yangu mwenyewe, ni daktari na mtafiti chipukizi wa saratani za watoto. Anachunguza kwa nini uvimbe wa taya hurudi kwa baadhi yao baada ya tiba ya kawaida, na ni mchanganyiko gani mpya wa dawa unaoweza kuuzuia. Watu wa Kolwezi, mji wetu wa migodi, wakiniuliza mbona hakutafuta kazi mgodini kama wasomi wenzake, huwajibu kwamba naye pia anachimba. Hawacheki. Mimi si mtu wa kuchekesha.

Asubuhi moja ya kiangazi alinipigia simu shuleni ninakofundisha.

"Baba mudogo, kuja hospitali. Kuko tata moja, baba ya mugonjwa, anataka kutosha mutoto wake ku wodi. Hanisikie, anasema mi mutoto ya jana."

Nilimkuta mtu huyo mlangoni pa wodi, mchimbaji wa mkono, vumbi jekundu likiwa bado kwenye kope zake. Alikuwa amembeba bintiye mdogo, ambaye shavu lake lilivimba kana kwamba ameficha andazi. Kwingine walikuwa wamekwisha kumng'oa meno mawili bure, wakidhani ni jino. Ugonjwa huo hauna subira. Akiondoka naye siku ile, huenda asingerudi kwa wakati.

"Tata," nikamwambia, "nyumbani kuko dawa gani?"

"Kuko bantu benye habaibe." Watu wasioiba, alimaanisha.

"Sema polepole," mkewe, aliyesimama nyuma yake, akamnong'oneza. "Huyu ni mwalimu."

"Balimu! Banauliza tu bintu benye banajua tayari."

Kisa kizima kilikuwa neno moja. Binti yangu alikuwa amemweleza kwamba atachukua eshantiyo, yaani kipande kidogo cha uvimbe, akakipime kwa mashine, kisha amwambie ni nini. Kwa daktari, neno hilo halina kosa. Kwa mchimbaji wa Kolwezi ni kidonda. Yeye hufikisha mfuko wake wa mawe kwenye depo, yaani ghala la wanunuzi wa madini. Mnunuzi huchota konzi moja, ambayo ndiyo eshantiyo, huipeleka nyuma ya pazia, kisha hurudi na kutangaza kiwango cha shaba. Kiwango huwa cha chini. Ndiyo maana wachimbaji waliokwisha kupunjwa huigawa konzi ile mara mbili na kwenda kupimisha sehemu yao kwingine. Huiita nusu ya mwenyewe.

"Atakata kipande ya mutoto yangu," akasema, "atapeleka nyuma ya mulango, atarudia, atasema: iko mubaya. Nani ataona? Nusu yangu iko wapi?"

Maisha yangu yote nimewahubiria wanafunzi juu ya mizani ya uongo, nikiitaja kama wizi wa mali. Mlangoni pale niliona kwamba wizi mkubwa zaidi hufanyika baadaye: aliyepunjwa kwenye depo hushindwa kumwamini hata anayetaka kumponyea mtoto, na wale waliompunja hawataulizwa kamwe.

Binti yangu hakuhubiri. Aliketi kwenye benchi ili asimtazame kutoka juu.

"Una haki, tata. Kipande kitagawanywa mbele ya macho yako. Nusu yangu itabakia huku. Nusu yako itaenda Lubumbashi, kwa banganga ba hospitali ingine. Batakupigia simu weye, hapana mi."

"Na kama hazilingane?"

"Sitakuambia eti ni mi njo najua kupita bale ba Lubumbashi. Tutapima tena."

Kisha akaongeza, na hilo alilisema mara mbili, kwamba baba akikubali, masalio ya nusu ya hospitali yangetumika katika utafiti wake. Akikataa, mtoto angetibiwa vilevile.

Mchimbaji alimtazama mkewe. Mama akamchukua mtoto na kumrudisha kitandani. Hilo likawa jibu.

Siku kadhaa baadaye simu ya Lubumbashi ilipoita, mchimbaji aliiweka kwa sauti kubwa ukumbini ili wote tusikie. Daktari wa kule aliutaja ugonjwa uleule uliokwisha kutajwa hapa, akasema dawa zake zipo.

"Imelingana," mchimbaji akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kulitamka neno hilo kwenye depo. Kisha, bila kuulizwa: "Na ile ya utafiti, baki nayo. Lakini ukiona kitu, unipigie."

Shavu la mtoto lilianza kushuka baada ya dawa za mwanzo. Nimemwona getini akiguguna hindi la kuchoma kwa upande uliokuwa umevimba, huku mama yake akimgombeza kwa kumwagia punje nguo safi. Matibabu yake bado yanaendelea.

Siku hizi hakuna mzazi katika wodi ile asiyeulizwa kama anataka nusu yake. Kama mchanganyiko mpya utafaulu, binti yangu hajui, na husema waziwazi kwamba hajui. Ni uadilifu niliotamani kuuona kwa watu wazima zaidi yake. Lakini simu yake huita jioni tukiwa mezani, naye huitambua namba.

"Dokta, mashini inasema nini?"

"Bado, tata. Ikisema, weye njo wa kwanza kujua."