Baba, Mchezaji Bora wa Miaka ya Sabini

Mpaka leo nikisikia kipaza sauti kinakwaruza, halafu mtu anakipuliza na kusema "moja, mbili, moja, mbili," natafuta mlango kwa macho. Mume wangu hunicheka. Kwake kipaza sauti ni harusi na kampeni. Kwangu mimi ni Ujiji, mwaka ule wa malori, na gari la matangazo linapita mtaani kwetu taratibu, vumbi jekundu nyuma yake, likitaja jina la baba yangu.

Nianze na malori, ili tuelewane. Wakimbizi tulikuwa nao Kigoma tangu nilipopata akili. Walikuja kwa mitumbwi na kwa miguu, wakapelekwa kambini, nasi watoto tulizoea kuona akina mama wamekaa juu ya mafurushi yao karibu na bandari wakisubiri kuitwa. Lakini mwaka ule ikatoka amri kwamba kila mkimbizi akae kambini, hata yule aliyekuwa ameishi mjini miaka nenda rudi. Ndipo malori yakaanza kuingia mitaani. Fundi baiskeli wa mtaa wa Bangwe, ambaye alikuwa pale kabla mimi sijazaliwa, alipakiwa akiwa bado ameshika pampu yake, na mkewe Mmanyema akakimbia nyuma ya lori mpaka kanga ikamdondoka. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu watu waliongea kwa sauti ya chini, na mama akawa anafunga mlango wa mbele hata mchana wa jua kali.

Kwa sababu baba naye alikuwa Mrundi. Alikuja kijana, akikimbia mauaji ya kwao, akapata kazi ya kubeba magunia bandarini. Siku moja watu walimwona akicheza mpira ufukweni na wapagazi wenzake, miguu mitupu, na hapo mambo yakaisha. Timu ya mtaa ilimchukua, ikampa chumba na jina la Salumu, na watazamaji wakamalizia kwa kumwita Kereng'ende. Alikuwa anatua na mpira mguuni, unadhani umeshamkamata, kumbe yuko kwingine. Wazee wa Ujiji walijua fika alikotoka, na hawakulisema, nadhani kwa sababu alikuwa anafunga magoli. Kwa watu wengine wote baba alikuwa Muha wa Mwamgongo. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na Mwamgongo ni kijiji cha ziwani, huendi ila kwa boti, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kwenda kuulizia. Mimi nilifundishwa mapema: ukiulizwa baba yako mtu wa wapi, sema Mwamgongo, kisha kimbia ukacheze.

Sasa katikati ya hofu hiyo, wazee wa mpira wa mjini wakapata wazo. Walitaka kuwatuza wachezaji bora wa zamani, mmoja wa miaka ya sitini, mmoja wa sabini, mmoja wa themanini, kabla hawajafa wote. Walikaa kibarazani wakinywa kahawa na kubishana, wakanuniana, wakapatana, wakanuniana tena. Nani alikuwa na mguu wa kushoto, nani aliroga golikipa, nani alibebwa na marefa. Mwishowe wa miaka ya sabini wakamchagua Kereng'ende, kwa mapenzi tu, na hakuna hata mmoja aliyefikiri zaidi ya hapo. Walikumbuka magoli wakasahau malori.

Gari la matangazo lilipopita, mama alikuwa amekaa chini anachambua dagaa. Aliacha mikono yake ndani ya ungo. "Wamekumaliza, Baba Zena," alisema. "Wamekupenda mpaka wamekumaliza."

Baba alijibu. "Nisipokwenda watauliza kwa nini. Nikienda wataniuliza natoka wapi. Niambie wewe, hapo nishike lipi?"

Mama akarudi kwenye dagaa wake.

Kabla sijawapeleka uwanjani, niwatajie jirani yetu Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mfanyakazi wa reli. Wanyamwezi na Waha ni watani, na yeye aliushika utani kama ibada. Aliingia kwetu bila hodi, akafunua sufuria, akachukua kipande cha samaki ambacho mimi nilishakichagua kwa macho, na huku anakula anamwita baba mtumwa wake. Alisema Waha wote ni wachafu na baba ndiye kiongozi wao. Alilisema hilo kwa sauti kubwa, amesimama mlangoni, mtaa mzima unasikia. Baba alitakiwa kucheka na kumrudishia, maana mtani hakasirikiwi. Mimi sikuwa na mtani, nilikuwa na njaa, na nilimchukia Mzee Maganga kutoka moyoni.

Siku ya tuzo uwanja ulijaa mpaka watoto wakapanda ukutani. Mama alinishika mkono kwa nguvu nikashindwa kuutikisa. Jukwaani alikaa mgeni rasmi, na pembeni yake yule afisa ambaye siku ya Bangwe alisimama mbele ya lori akielekeza nani apakiwe. Kofia yake ilikuwa magotini. Alionekana mtu wa kawaida anayependa mpira, na hilo lilinitisha zaidi.

Mshereheshaji alikuwa Idi, kijana mwenye mdomo mtamu aliyekulia kwenye hadithi za Kereng'ende. Alimkabidhi baba redio mpya, bado imo kwenye boksi lake, na watu wakapiga makofi kama mvua ya Machi. Ningependa kuwaambia kwamba nilifurahi. Nilikuwa namtazama afisa.

Wazee walikuwa wamemwonya Idi asirefushe. Lakini Idi alikuwa na kipaza sauti mkononi na shujaa wake mbele yake. "Mzee wetu," alisema, "vijana wanataka kujua. Kule Mwamgongo ulisoma shule gani? Mwalimu gani alikufundisha mpira? Mtaje jina tumpigie makofi!"

Mnaelewa alichokifanya? Yalikuwa maswali yale yale. Shule gani, mwalimu gani, nani anakujua. Ndiyo waliyoulizwa watu kando ya malori, na aliyeshindwa kujibu alipanda. Idi aliyauliza huku anatabasamu, kwa upendo wote wa duniani.

Baba alifungua mdomo. Nilimjua baba, akishtuka Kiswahili humkimbia na ulimi unarudi kwao. Alisema "Mimi..." akanyamaza. Kipaza sauti kikakwaruza. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso likashuka mpaka shingoni. Afisa alikuwa anazungumza na mgeni rasmi, akaacha kuzungumza, akageuza kichwa. Mama alianza kusoma dua chini chini, na mimi nikajikojolea kidogo, nalisema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"Mnamuuliza nini huyo?"

Sauti ilitoka kwenye kundi la watu wa reli. Mzee Maganga alikuwa anavuka mstari wa chaki wa pembeni, kaptula yake ya kazi inapepea, na hakuna aliyemzuia. Akamnyang'anya Idi kipaza sauti.

"Muha atajulia wapi shule? Babu yangu alimpata babu yake pale Uvinza kwa mfuko mmoja wa chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa imelowa! Ukoo wao wote naujua mimi, maana ni mali yangu. Mwenye swali juu ya mtumwa wangu aniulize mimi bwana wake!"

Uwanja ulicheka. Waha waliokuwepo wakaanza kumzomea na kumtukana Mnyamwezi huyo kwa furaha, kama inavyotakiwa. "Na mali ya mtumwa ni ya nani?" akauliza Mzee Maganga. "Yako!" wakajibu watu wa reli. Basi akaichomoa redio mikononi mwa baba, akaikumbatia, akatimua mbio.

Baba alisimama kidogo. Halafu akamfukuza. Mtu wa umri ule, mwenye viatu vya kuazima! Watu wote walisimama wakipiga kelele, "Kereng'ende! Kereng'ende!" na wale wawili wakakata kona ya goli, wakatoka getini, wakapotelea Ujiji. Nilimwona afisa anafuta machozi ya kicheko kwa kofia yake. Idi aliokota kipaza sauti, akamwita mchezaji wa miaka ya themanini.

Mimi nililia njia nzima. Nilijua jambo moja tu, kwamba baba yangu alitukanwa mbele ya mji mzima na kuporwa zawadi yake. Mzee Maganga aliirudisha kesho yake, betri kazitoa, akasema hizo ni kodi. Sikumpa shikamoo. Mama alimpakulia samaki mzima, na mimi nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Malori yaliendelea kupita kwa miezi, na kwetu hayakusimama.

Mzee Maganga alifariki nikiwa nina watoto wangu. Watu wa reli walimtuma kijana amwite baba, maana msiba wa Mnyamwezi unamtaka mtani wake Muha. Kazi ya mtani msibani mnaijua. Anavaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anaziba njia ya makaburini mpaka apewe kuku, ili wafiwa wacheke kidogo. Kulia haruhusiwi. Kulia ni kwa ndugu.

Baba alivaa kofia ya reli ya Mzee Maganga, akaweka mikono nyuma, akaanza kutembea kama yeye. Alifika katikati ya uwanja wa nyumba. Akasimama, akakaa chini mavumbini, akalia kwa sauti, akiita kwa Kirundi, maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyatamka mbele ya watu. Kijana mmoja wa Kiha akaenda kumwinua ashike kazi yake. Bi Nyamizi, mjane wa marehemu, akamzuia.

"Mwacheni huyo," alisema. "Ni ndugu."

Baadaye, tumekaa mkekani, nilimuuliza Bi Nyamizi kama mumewe alijua kwamba baba si Muha. Alinitazama kana kwamba nauliza jambo la kitoto. "Alijua tangu mlipohamia. Ndiyo maana akaanza kumtania. Alisema, Muha asiye na Mnyamwezi wa kumtukana, watu watamshangaa."

Nilikaa nikawaza zile sufuria zote alizozifunua, na matusi aliyoyapigia kelele pale mlangoni mtaa wote usikie, mwaka hadi mwaka, ili siku ya kuulizwa awepo mtu wa kujibu. Baba alilia mpaka kaburi likajazwa udongo. Uani palikuwa na Waha, Wanyamwezi, Wamanyema, hata mjumbe wa mtaa, na wote walimsikia. Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi.