Batri Iliyopumzika

Juzi, nikiwa kwenye duka la sola hapa Bunia, mwanamke mmoja aliingia amekumbatia batri kuukuu. Alitaka kuiongezea mpya, kwa sababu mashine inayomsaidia mama yake kupumua huzimika kabla ya alfajiri.

Fundi aliipima, akatikisa kichwa. "Mama, hii imekufa. Tukiifunga pamoja na mpya, itaikula ile mpya."

"Marehemu bwana yangu njo aliinunua. Haitoke."

"Basi mama yako atakosa hewa."

Mikono ya yule mwanamke ilifunguka polepole. "Ibebe. Lakini usiseme imekufa. Sema imepumzika."

Fundi akasema imepumzika, akaleta mpya.

Mke wangu amepumzika kwa Bwana tangu Kwaresima. Koti lake, lililotundikwa mlangoni, bado sijaliruhusu lipumzike.