Asubuhi Rejista Ilipokataa Kufunguka

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu alinionyesha kiti changu na mahali pa kuweka chakula, kisha akaniambia nisiguse rejista mpaka aifungue yeye. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na kozi ya miezi mitatu ya kompyuta hapa Machakos mjini. Nilikuwa naandika kwa vidole viwili. Aliniita kavisi, yaani kijana mdogo, na hakuacha hata nilipoota ndevu.

Ilikuwa kliniki ndogo ya wagonjwa wa moyo. Rejista haikuwa kitabu. Ilikuwa faili moja kubwa iliyokaa kwenye seva, ile kompyuta ya kabatini ambayo haina mtu mbele yake lakini kompyuta zingine zote zinasoma kwake. Humo ndani mlikuwa na kila mgonjwa, majibu ya damu yake na kipimo cha dawa yake.

Kila asubuhi Karani Mkuu alifika, akaomba kwa sauti ya chini, akafungua rejista. Baada yake ndipo sisi wengine tulifungua kwenye mashine zetu. Tuliona ni heshima tu, maana yeye ndiye alikuwa mkubwa. Nilipelekwa tawi la Mlolongo kwa miezi sita kuandikisha madereva wa malori, na niliporudi desturi ilikuwa ile ile. Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Mwaka wangu wa tatu, Karani Mkuu alifiwa na mama mkwe. Ijumaa saa sita alifunga safari kwenda mazishi upande wa Wamunyu. Mashine yake aliiacha ikiwaka, rejista ikiwa wazi, na skrini akaifunika kwa kitambaa. Akasema isiguswe mpaka arudi. Jioni nilibaki peke yangu, na mita ya stima ilikuwa ikilia kwa sababu tokeni za kulipia umeme zilikuwa zinaisha. Nikapita nikizima kila kitu. Nikatoa kitambaa, nikafunga rejista vizuri, nikazima na mashine yake.

Jumatatu nilifika mapema. Rejista ilikataa. Maneno kwenye skrini yalisema sina ruhusa ya kutumia faili hiyo. Nikajaribu mashine ya pili, ya tatu, nikazima na kuwasha. Simu ya Karani Mkuu ilikuwa imezimwa.

Kwenye benchi alikuwa ameketi Mama Mutheu, mzee wa kutoka milimani, aliyewekewa vali bandia ya moyo. Alikuwa akimeza dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa hiyo ikizidi, mtu anavuja damu. Ikipungua, damu inaganda kwenye vali. Ijumaa alikuwa ametolewa damu, na majibu yakaja akiwa ameshaenda nyumbani. Daktari wa zamu aliyaingiza kwenye rejista pamoja na kipimo kipya, kisha akasafiri, na simu yake haikushika. Mama Mutheu alikuwa amerudi kuambiwa ameze kiasi gani. Fizi zake zilikuwa zikitoa damu, akizifuta na leso.

Nilimpigia Afisa wa Kompyuta, ambaye alikuwa akishughulikia matawi yote kutoka Syokimau. Aliuliza maswali polepole. Ijumaa mlifungua? Nikasema ndiyo. Kuna mtu amebadilisha ruhusa kwenye seva? Hapana. Mashine ya Karani Mkuu iko namna gani?

"Imezimwa," nikasema.

"Na nani?"

"Sijui."

Neno lilitoka lenyewe. Afisa akasema kama ruhusa ni zile zile na Ijumaa ilifunguka, basi faili yenyewe imeharibika. Angetuwekea nakala ya rejista iliyohifadhiwa Alhamisi tuendelee nayo. Kazi ya Ijumaa ingepotea.

Daktari Msimamizi wa kliniki alikuwa amesimama nyuma yangu, akisikia yote kwenye spika ya simu. Akasema nakala ya Alhamisi ni bora kuliko kukaa bure. Akavuta karatasi ya dawa, bila kuiona ile leso yenye damu, akamwambia Mama Mutheu watatumia kile kipimo cha zamani kwa wiki moja, halafu wataona.

"Ni sawa, mwanangu," Mama Mutheu akajibu. "Nyinyi ndio mnajua."

Daktari akafungua kalamu.

"Ni mimi nilizima," nikasema. Sikugeuka. Niliongea nikiangalia simu. "Ijumaa jioni. Nilifunga rejista yake, nikazima. Wengine walikuwa wameshaenda."

Afisa akauliza, "Wewe ndiwe uliyekuwa wa mwisho kutoka?"

"Ndiyo."

"Sasa hiyo ungeniambia tangu mwanzo, bwana."

Ndipo akanieleza. Mtu wa kwanza kufungua rejista anaandikiwa faili nyingine ndogo kando yake, ya kuonyesha ni akina nani wako ndani. Wa mwisho akitoka, hiyo ndogo inafutwa. Sisi makarani tulikuwa na ruhusa ya kuandika kwenye faili zilizopo, lakini kwenye folda inayozibeba hatukuwa na ruhusa ya kuunda faili mpya wala kufuta. Aliyekuwa nayo ni Karani Mkuu peke yake. Nilipofunga rejista yake Ijumaa, ile ndogo ilifutika, na Jumatatu sisi hatukuweza kuunda nyingine. Miaka yote hiyo tulikuwa tunapita mlango aliotufungulia, na hata yeye hakujua sababu.

Alinipa neno la siri la seva, nikaenda kabatini. Nilitafuta folda, nikafungua orodha ya ruhusa, nikachagua kundi la makarani.

"Weka alama kwa kuunda na kufuta," akasema. "Hapo tu. Usiweke kila mahali kwa sababu umeogopa."

Nilisoma kila mstari mara mbili kabla ya kubonyeza. Nikarudi kwenye meza yangu, nikafungua rejista. Ikafunguka. Ijumaa ilikuwemo. Kipimo cha Mama Mutheu kilikuwa kimepunguzwa karibu nusu, na kando yake daktari wa zamu alikuwa ameandika asimeze dawa hiyo siku mbili za kwanza.

Daktari Msimamizi alisoma, akaikunja ile karatasi yake, akaitia mfukoni. Kisha akavuta nyingine, akamwandikia Mama Mutheu kipimo kipya. Karani Mkuu aliporudi nilimweleza yote. Alisema tu, "Kwa hivyo, kavisi, mnaweza bila mimi," akaenda kuketi, na siku hiyo hakuniita tena.

Sasa nimeacha kazi hiyo, maana rejista zimehamishiwa mtandaoni na makarani wamepunguzwa. Wanaoanza kazi hizi huniuliza kuhusu ruhusa, nami huwaambia waangalie faili, kisha folda, kisha waulize ni nani alitoka mwisho. Hilo ni rahisi kulieleza. Nisilowaeleza ni ile robo saa nilipokuwa najua na nimenyamaza. Ningependa kusema kwamba ningekiri tu, hata iweje. Lakini kama daktari hangeifungua kalamu, sijui.