Siku Niliyowaacha Wacheze Kalongolongo

Nilipomaliza kidato cha nne, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipata kazi kwa mwalimu mmoja mstaafu kule Athi River. Alikuwa akipokea nyumbani kwake watoto wa shule ya msingi ambao wazazi wao walikuwa bado viwandani, akikaa nao mpaka wachukuliwe jioni. Wazazi walimsifu sana kwa utulivu. Ungepita nje ya ua wake usijue kama ndani mna watoto. Walikaa kwenye mabenchi wakifanya hesabu, wakimaliza wanapewa nyingine. Kazi yangu ilikuwa kuulinda ukimya huo.

Kati yao alikuwapo msichana wa darasa la pili. Akiitwa aliinuka, akipewa uji alikunywa, akiulizwa jambo alitikisa kichwa. Muhula mzima sikuwahi kuisikia sauti yake.

"Huyo ndiye mtoto amelelewa vizuri," Mwalimu aliniambia, nami nikaamini.

Siku moja Mwalimu alienda matanga Muthetheni, akaniachia watoto. Hesabu ziliisha mapema na joto lilikuwa kali. Mmoja akaniuliza, "Anti, tunaweza enda nje kidogo?"

Sikuona ubaya. Wakubwa walifunga soksi kuukuu zikawa mpira, wakaanza kucheza kati, wawili wakirusha mpira na wa katikati akiukwepa. Wadogo wakaenda kando ya tangi la maji kucheza kalongolongo, ule mchezo wa baba na mama, wakipika udongo kwenye vifuniko vya chupa. Mimi nilikaa mlangoni kuchagua maharagwe.

Mara nikasikia sauti nisiyoijua, kali kama ya mtu mzima. Nikainua macho. Alikuwa yule msichana. Alikuwa amevika gunzi la mahindi kitambaa, akalilaza ndani ya boksi.

"Sasa sikiza," aliliambia lile gunzi. "Mimi naenda kazi. Chakula iko kwa sufuria. Ukiskia haja, mkebe iko hapo. Mtu akibisha usiseme kitu. Usilie, majirani watasikia. Nitarudi kesho asubuhi."

Akalifunika boksi, akabana kufuli isiyokuwapo.

"Na mtoto akiogopa?" mwenzake akauliza.

"Anajifunika blanketi kwa kichwa. Anahesabu mpaka alale."

Ungo uliniponyoka, maharagwe yakatawanyika. Nilimwendea, nikachutama mbele yake.

"Huyu mtoto ndani ya boksi ni nani?"

"Ni mimi," akajibu, kana kwamba nimemuuliza anasoma darasa gani.

"Hiyo ni kila siku?"

"Mama akiwa shifti ya usiku."

Ule utulivu tuliousifu muhula mzima, kumbe alikuwa ameagizwa kwao: usiseme kitu. Na sisi tulikuwa tukimwagiza vivyo hivyo kila jioni, na kulipwa.

Mwalimu aliporudi nilimweleza yote, nikijua atanifukuza kwa kuwatoa nje. Hakuuliza habari ya mchezo. Aliketi kwenye benchi la watoto, kitambaa cha matanga bado kichwani, akaziba mdomo kwa kiganja.

Mama mtu alikuja, nyuzi za kiwandani zimemganda kwenye gauni. Mwalimu akamwambia kwa upole, akimwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, keti kidogo." Alipoelezwa aliwaka. "Mtoto anacheza, nyinyi mnafanya ni kesi? Nawalipa mkae na yeye, si mumchunguze." Akamshika mtoto mkono wakaondoka.

Kesho yake hawakuja, wala siku zilizofuata. Jumapili Mwalimu akajifunga leso akaenda kwao mwenyewe. Sijui walisema nini huko. Nilichoona ni kwamba walirudi watatu, mtoto amekumbatia blanketi, mamake macho yamevimba.

"Sikuwa na mtu," alinieleza mimi, ambaye sikuwa nimemuuliza. "Nilikuwa namfungia asiumizwe."

Tangu hapo, usiku wa shifti mtoto alilala kwa Mwalimu. Na kila jioni watoto walicheza kwanza, hesabu baadaye. Wazazi wengine walilalamika kwamba hawalipii kelele, na wengine wakawahamisha watoto wao. Mwalimu hakuwabembeleza. Alikaa nje na kiti chake, akiwatazama na kuwasikiliza watoto kwa umakini ambao sikuwahi kuuona alipokuwa akisahihisha madaftari.

Msichana alianza kusema, halafu akaanza kubishana, hata kupigana kwa sababu ya mpira. Kuna siku tulichoka naye.

Mwaka uliofuata mamake alipata kibanda cha kushonea nguo Masii, karibu na dada yake. Walipita kutuaga. Mamake akanivuta kando.

"Mpaka leo sijui kama nikushukuru ama nikuchukie," akaniambia.

"Yote ni sawa, mama," nikamjibu.

Akanipa mkono. Ulikuwa baridi, nao ulikawia mkononi mwangu.