Kadi ya Kliniki Niliyoirudisha

Nilipomaliza chuo nilipata kibarua cha wiki tatu: kupita vijiji vya Ufipa nikiwauliza akina mama wanajua nini kuhusu chanjo za watoto. Tulionywa tusitoe ushauri, maana tungeharibu majibu. Onyo hilo nililishika kupita kiasi. Mimi naogopa kukosea hata ninapoandika jina langu.

Mama mmoja nilimkuta ananoa visu vya kuvunia ulezi, mtoto mgongoni.

"Wewe una mtoto?" aliniuliza.

"Hapana, dada."

"Basi uliza taratibu, utajifunza."

Tulicheka, mpaka tukafika kwenye surua. Mtoto alikuwa na mwaka na ushee, hajachanjwa. Fomu yangu ilikuwa na sababu tatu: alisahau, aliogopa homa, hajui umuhimu.

"Nilimpeleka mara mbili," alisema. "Nesi akasema tuko akina mama wawili tu, hawezi kufungua chupa ya chanjo ya watoto kumi, itakayobaki itamwagwa. Turudi siku wakiwa wengi. Sasa nitajuaje siku hiyo?"

Sababu hiyo haikuwa na kisanduku. Nikatia alama kwenye "hajui umuhimu", nikajiambia nitarekebisha jioni. Sikurekebisha.

Akanipa kadi ya kliniki. "Niangalizie, mdogo wangu. Miezi tisa imeshapita. Bado anaruhusiwa?"

Nilijua anaruhusiwa. Mwongozo wa chanjo tuliopewa nilikuwa nimeusoma mara nne. Lakini nikawaza: huu ni ushauri, au si ushauri? Nikamrudishia kadi bila kumtazama. "Ukaulize kituoni."

Siku mbili baadaye, siku ya kliniki, moyo ulinishinda, nikarudi. Mlango ulikuwa umefungwa. Jirani yake akaniambia wamehamia shambani mpaka ulezi uishe.

"Na kliniki ya leo? Nimepishana na akina mama wengi wakienda."

"Aende kufanya nini? Anasema msomi mzima aliitazama kadi akakosa la kusema. Mtoto keshachelewa."

Nikatembea mpaka shambani, upepo wa baridi ukinipiga usoni.

"Hajachelewa, dada," nilisema hata kabla ya salamu. "Mpeleke."

Alisimama na kisu mkononi. "Juzi ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Alimwachia wifi yake kisu, akakaza mbeleko, akashika njia ya kituoni. Nilimfuata kwa nyuma. Hakuwa ameniambia nije, wala nibaki.