Nilimwandikia Injinia Tano Alipopiga Saba

Mimi ndiye niliyekosea, na sina wa kumsingizia. Hata jina langu naona haya kuliandika hapa.

Nilikuwa na karakana ya mageti na madirisha ya chuma Noonkopir, hapa Kitengela. Mwenzangu alikuwa Wafula, mtu wa Bungoma, fundi hasa. Mimi naenda saiti kupima, yeye anakata chuma kwa vipimo nilivyoandika. Miaka sita, hakuwahi kuniuliza hata siku moja kama nimepima sawasawa.

Kulikuwa na injinia aliyekuwa akijenga mtaa mzima wa nyumba. Kazi hiyo ingetulisha miaka! Nikasikia anapenda gofu, na watu wakaniambia biashara kubwa huanzia uwanjani. Basi nikajifunza gofu, mzee mzima, jua la Kajiado likinibabua. Mwishowe nikaingia mashindano madogo ya Jumamosi, nikapangwa naye.

Kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi, na hujiandikii mapigo yako. Unamwandikia mwenzako, naye anakuandikia, kisha mnatia sahihi. Shimo la mwisho, injinia alihangaika kwenye nyasi ndefu mpaka nikamhesabia mapigo saba.

"Umeniwekea ngapi?" akaniuliza.

"Tano, mkubwa."

Akanitazama kidogo, akatia sahihi. Alipopewa kikombe nilimpigia makofi mpaka viganja vikaniuma. Nilijua kazi ni yetu. Mjinga mimi!

Jumatatu tulienda ofisini kwake, Wafula amevaa koti lake la kanisa. Hata kiti hatukupewa.

"Nilipiga saba, ukaandika tano, na sikukuomba," injinia akaniambia mbele ya Wafula. "Sasa hizo milango zangu utaniandikia nini?"

Kikombe kilikuwa juu ya kabati lake. Sikuthubutu kumuuliza mbona hakukirudisha. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa ya siku mbili tu.

Wafula hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Kesho yake nilimpa vipimo vya dirisha la mama mmoja wa Kajiado mjini. Akachukua futi, akapanda matatu, akaenda kupima tena mwenyewe.

"Nimepata iko sawa," alisema aliporudi. "Lakini si ni vizuri nihakikishe, ndugu yangu?"

Ikawa hivyo kila kazi. Jamani, niliumia! Baada ya miezi michache akaniambia hawezi kufanya kazi mara mbili, akafunga virago akaenda kwao. Mimi kuchomelea sijui. Karakana nimeifunga.

Wewe unayejifunza gofu ili ukae karibu na wakubwa, nakusihi, andika alichopiga! Akinuna, umekosa kazi yake tu. Usinifuate mimi.

Nimempigia Wafula mara nyingi kumwomba msamaha. Ananiambia alishanisamehe kitambo. Kurudi ndiyo hataki.